Mchanga Chini ya Kinu cha Tatu

Inspekta alikuwa amelala kifudifudi juu ya zege, tochi mkono wa kushoto, brashi mkono wa kulia, akifagia vumbi punje kwa punje. Mbele ya pua yake kulikuwa na shimo la upana wa viganja viwili, mahali ambapo kinu cha tatu kilikuwa kimekalia kwa miaka sitini na tisa. Kinu chenyewe, sanduku la chuma refu kama mtu mzima, kilikuwa kimelazwa ubavu kando yake, na michi yake mitano imeegemezwa ukutani kama watu wanaosubiri kuitwa ndani.

"Afande, shingo haijakuuma tu?" aliuliza mkata vyuma, aliyekuwa amekalia mtungi wake wa gesi.

"Inaniuma tangu jana. Nishikie futi hapa."

Mkata vyuma akapiga magoti, akashika ncha ya futi. "Mimi nilikuja kununua vyuma chakavu. Sasa nagawiwa kesi chakavu."

"Ndiyo maana unagawiwa bure."

Ni yeye aliyegundua kilichokuwa chini ya kinu, siku nne zilizopita. Alikuwa amenyanyua kinu kwa mnyororo ili akikate vipande, saruji iliyokuwa imezunguka ukingo wake ikabanduka, na chini yake kukawa na kitu kizito cha rangi ya shaba chafu, nusu mchanga nusu dhahabu, kimeshikana kwa zebaki ya zamani. Zaidi ya kilo nne. Mtu mwingine angefumba mdomo. Yeye alipiga simu polisi, na tangu siku hiyo mkewe alikuwa hamsemeshi.

Kwa wengine wote, jibu lilipatikana kabla ya swali. Miaka thelathini na moja iliyopita, mtu mmoja alifungwa kwa kuiba dhahabu katika jengo hili hili. Alikuwa msimamizi wa sahani za shaba, zile zinazonasa dhahabu inayotoka vinuni, na kwa sababu hiyo aliitwa Sahani. Kila siku maabara ilipima jiwe lililoingia vinuni, ikasema lina dhahabu kiasi gani, na kila wiki dhahabu iliyotoka ikawa pungufu. Ufunguo wa uzio wa kinu cha tatu ulikuwa mfukoni mwake yeye peke yake. Alikaa jela miaka sita. Dhahabu haikuonekana. Sasa imeonekana, chini ya kinu chake, imezibwa kwa saruji. Nani tena angetaka ushahidi mwingine?

Tatizo ni kwamba binti wa Sahani alikuwa amehangaika miaka mitatu, ofisi hadi ofisi, mpaka mahakama ikakubali kuipitia upya hukumu ya baba yake. Shauri lilipangwa kusikilizwa wiki ijayo. Taarifa ya Inspekta ndiyo ingeamua kama mzee huyo, mwenye umri wa miaka sabini na saba na kifua kilichojaa vumbi la mawe, atakufa akiitwa mwizi au la.

Simu iliita. Inspekta aliipokea bila kuinuka.

"Bado unafagia?" aliuliza Mkuu wake.

"Bado, mkuu."

"Mwendesha mashtaka anataka taarifa kesho saa sita mchana. Sentensi moja inamtosha. Mali iliyoibwa imepatikana."

"Sentensi hiyo ninayo. Ninachotafuta ni kama ina ukweli."

Mkuu alipumua. Walikuwa wamefanya kazi pamoja miaka kumi na minne na alijua kwamba kumharakisha mwanamke huyu ni sawa na kuisukuma nyumba. "Kesho saa sita," alisema, akakata.

Inspekta aliirudisha simu mfukoni, akaielekeza tochi tena kwenye ukuta wa shimo. "Njoo uangalie. Unaona rangi ngapi?"

Mkata vyuma alikodoa macho. "Moja. Ya dhahabu."

"Dhahabu waliichukua juzi, imo kabatini kituoni. Nakuuliza mchanga ulioganda pembeni."

Alisogeza uso karibu na shimo. "Chini kabisa mwekundu. Kisha mweupe. Juu, hii ya buluu buluu kama jivu."

"Vipimo?"

"Mwekundu, unene wa ukucha. Mweupe, kidole kimoja. Buluu..." Alisogeza futi. "Vidole vinne, na zaidi."

Inspekta aliandika. Alichukua chupa tatu ndogo za dawa zilizooshwa, akakwangua kila rangi kwa kijiko chake na kuitia katika chupa yake. Hakuandika lebo kwa nje. Alichora alama ndogo chini ya kila kitako, mahali ambapo mtu asingeangalia. Mwisho aliokota kipande cha ile saruji ya ukingoni, kikubwa kama ngumi, akakigeuzageuza mwangani. Ndani yake mlikuwa na madoa ya kutu, mamia, madogo kama mbegu za ufuta.

Saruji ya msingi ule haikuwa na madoa hayo. Alikifunga kile kipande kwenye mfuko wa vielelezo, akasimama, magoti yakalia.

Jengo lilikuwa kimya, na ukimya huo ndio ulioendelea kumsumbua tangu siku ya kwanza. Alizaliwa mitaa miwili kutoka hapa. Baba yake aliendesha winchi, akiteremsha watu shimoni na kuwapandisha kwa kengele: moja simama, mbili shusha, tatu kuna watu. Vinu sita, michi thelathini, vilitwanga mchana kutwa na usiku kucha, na watoto wa mtaa huo walilala kwa sauti hiyo kama wengine wanavyolala kwa sauti ya mama. Siku vinu vilipozimwa ili kupisha mitambo mipya, watoto wachanga waliamka wote kwa pamoja wakilia. Alikuwa na miaka ishirini na moja. Alikumbuka mama yake ameketi kitandani, anauliza, kumetokea nini.

*

Nyumba za wafanyakazi zilikuwa bado zimesimama, safu kwa safu, vyumba viwili na ukumbi mwembamba mbele, namba zimepigwa kwa rangi nyeusi juu ya kila mlango. Binti wa Sahani, mshonaji wa makamo mwenye futi ya kitambaa shingoni, alimfungulia akabaki ameziba mlango kwa mwili wake.

"Umekuja kumkamata?"

"Nimekuja kumwomba msaada."

"Polisi hawaombi msaada nyumba hii."

"Mwache apite," ilisema sauti kutoka ndani. "Huyo ni mtoto wa mwendesha winchi. Namjua kwa kukohoa kwake mlangoni. Baba yake alikuwa anakohoa hivyo hivyo kabla hajabisha."

Mzee Sahani alikuwa amekaa karibu na dirisha, blanketi magotini, mikono mikubwa imetulia juu yake. Inspekta alimwamkia, akaketi kwenye stuli, akazipanga zile chupa tatu juu ya meza bila mpangilio wowote.

"Mzee, mimi si mtu wa mawe. Niambie hizi ni nini."

Mzee hakuzigusa kwanza. Alimwita bintiye alete sahani ya bati na maji. Alimimina mchanga wa chupa ya kwanza, akaongeza maji kidogo, akaanza kuizungusha sahani kwa viganja viwili, polepole, mpaka tope likatoka na punje zikabaki zimejipanga kama mwezi mwembamba. Pumzi yake ilikuwa fupi, lakini mikono haikutetemeka hata mara moja.

"Hili ni la buluu," alisema. "La chini. Ngazi ya tatu kwenda chini, mita mia moja na ushee. Gumu, lina madini mengine yanayong'aa kama dhahabu na si dhahabu. Vijana walikuwa wanayaweka mfukoni kuwadanganya wachumba."

"Na hili?"

Alizungusha tena. "Jeupe. Ngazi ya kwanza na ya pili. Jiwe zuri hili, linavunjika kama sukari guru. Wakati wake, walinisimulia, winchi ilikuwa ya mvuke. Kulikuwa na mtu kazi yake ni kupasua kuni tu, tangu asubuhi mpaka jioni, na boila haishibi."

Chupa ya tatu aliitazama tu kupitia kioo, akatabasamu. "Hii ni ya zamani zaidi. Hili ni jiwe la juu, lililochakaa kwa mvua na jua. Wazee wa kwanza walilichimba kwa sururu, mchana, bila taa, wakalivuta kwa kamba na ndoo. Hata baruti hawakuhitaji. Mimi nilipokuja lilikuwa limekwisha, mabaki yake wamemwaga barabarani. Umeona vile barabara ya shule ilivyo nyekundu? Ndilo hilo."

"Ulianza kazi mwaka gani?"

Binti alitoa kadi kutoka kwenye mkoba wa plastiki kabla baba hajajibu. Alikuwa ameionyesha ofisi nyingi. Inspekta alinakili tarehe. Miaka hamsini na mitatu iliyopita.

"Siku ya kwanza ulipoingia kwenye vinu, lilikuwa linatwangwa jiwe gani?"

"La buluu. Lilikuwa limetimiza mwezi. Msimamizi wangu analilaani kwa kumaliza nyayo za michi. Ananiambia, umekuja wakati mbaya, wakati wa jeupe tulikuwa tunakula raha." Mzee alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, binti akamshika bega mpaka kikapita. "Asubuhi tunasimamisha kinu. Tunazikwangua sahani kwa kipande cha mpira, dhahabu imeshikwa na zebaki, laini kama siagi. Unaikusanya kwenye kitambaa, unaikamua, zebaki inatoka inakimbiakimbia. Kikombe cha mkononi, lakini mkono unashuka kwa uzito. Leo wana matangi na mkaa wa vifuu vya nazi, wanatia dawa, dhahabu inajificha kwenye mkaa, hakuna mtu anayeiona mpaka itoke tanurini. Ni akili nyingi. Ila hakuna wa kukwambia leo imekuja nzuri."

Inspekta alimwacha amalize. Kisha akatoa ule mfuko wenye kipande cha saruji, akauweka kando ya sahani.

"Hii ilikuwa imeziba ukingo wa kinu chako. Nani aliimimina?"

Mikono ya mzee, iliyokuwa bado inaisawazisha sahani, ilisimama.

"Sijui."

"Umeitambua."

"Afande, niliulizwa na hakimu nikajibu. Ufunguo nilikuwa nao mimi peke yangu."

"Sijauliza habari za ufunguo."

"Baba," binti alisema, "huyu si hakimu. Kama kuna mtu, mtaje. Miaka mitatu nimezunguka na makaratasi yako, unaniambia sikuiba, basi, unanyamaza. Watu wananiuliza, kama si yeye ni nani? Nijibu nini?"

Mzee aliangalia nje. Ng'ambo ya safu za nyumba, moshi mwembamba ulikuwa unapanda kutoka kwenye karakana moja ya mabati.

"Mama yako alikuwa na ndugu mmoja tu," alisema hatimaye. "Mpe afande chai, inapoa."

Inspekta alikunywa chai. Hakuuliza swali jingine, kwa sababu hakuhitaji.

*

Kabla ya kwenda karakana alipitia ofisi ya zamani ya mgodi, ambako sasa palikuwa stoo ya viti vibovu. Ushahidi wa mzee juu ya mzee mwenyewe haukutosha. Ukutani bado kulikuwa na mchoro mkubwa wa shimo, umekunjika pembe, kila ngazi imetiwa rangi na mwaka wake. Jiwe jekundu lilikoma miaka kumi na miwili baada ya vinu kujengwa. Jeupe lilikoma mwaka ule ule ulioandikwa kwenye kadi ya Sahani, mwezi mmoja kabla ya tarehe yake. Alipiga picha. Pembeni mwa mchoro, mtu fulani alikuwa ameandika kwa penseli kila kilichobadilika: mvuke kwenda dizeli, dizeli kwenda umeme, taa za kabaidi kwenda taa za betri. Miaka miwili kabla ya kesi, mstari mmoja: *Michi mipya mizito, vinu 1 hadi 6. Mpira mpya chini ya vyote.* Na saini.

Mwenye saini alikuwa chini ya mashine ya kusaga nafaka, miguu tu ikionekana.

"Fundi Nati," Inspekta aliita.

"Kama ni malipo njoo Ijumaa, kama ni kazi acha hapo."

"Ni Inspekta."

Miguu ilitulia, kisha ikajivuta nje. Fundi Nati alikuwa mfupi, kichwa cheupe, miaka sabini kasoro, na mfuko wa shati umejaa nati na boliti mpaka umevutika kama titi la mbuzi. Alijifuta mikono kwa muda mrefu kuliko mikono ilivyohitaji.

"Nina swali la kiufundi," Inspekta alisema. "Tangi linavuja kwenye ukingo, huwezi kulishusha. Utaziba na nini?"

Uso wa fundi ukafunguka. "Hilo rahisi. Saruji, lakini si saruji tupu, hiyo itapasuka. Unatia chenga za chuma, hizi za kwenye tupa. Chumvi kidogo. Chenga zinashika kutu, zinavimba, zinabana. Haitoki milele."

"Nani mwingine alikuwa anafanya hivyo hapa mgodini?"

"Nani mwingine? Walikuwa wanajua? Hiyo ni siri ya karakana, nilifundishwa na mjomba."

Inspekta aliweka kipande cha saruji juu ya benchi, kati ya koleo na kopo la grisi.

Fundi Nati alikitazama. Alivuta kiti cha chuma, akakaa.

"Imetoka wapi?"

"Kinu cha tatu."

"Ile iliyoziba dhahabu?"

"Ile ile."

"Mimi sikuziba dhahabu."

"Ulikuwa unaziba nini?"

"Maji." Alisema kwa sauti ndogo. "Maji yalikuwa yanatoka chini ya kinu. Michi mipya ilikuwa mizito mno, inatikisa msingi wote. Nikaruka uzio Jumapili, mtambo umesimama, nikaziba, nikamaliza nikaenda zangu."

"Kwa nini maji yatoke, na ulikuwa umeweka mpira mpya wa kuzibia ukingo? Umesaini. Vyote sita."

Fundi alianza kuchagua nati kutoka mfukoni na kuzipanga juu ya goti, kubwa kwa kubwa, ndogo kwa ndogo. Inspekta alingoja.

"Vitano," alisema. "Vitano niliweka mpya. Mpira wa cha tatu ulikuja umekatwa vibaya, umepungua kiganja kizima. Bwana mkubwa anataka michi ianze kutwanga Jumatatu asubuhi. Nikarudisha ule wa zamani, nikasaini. Nikasema nitaurudia. Sikuurudia."

"Na ulipoona maji?"

"Nikaziba, mtu asijue. Zaidi ya hapo sikufikiri. Maji ni maji."

"Maji yaliyotoka ndani ya kinu, yakiwa na zebaki na jiwe lililosagwa."

Nati moja iliteleza kutoka gotini, ikabingirika chini ya benchi. Hakuna aliyeifuata.

"Fundi, nikueleze ninachokiona, na wewe unisahihishe," Inspekta alisema, kwa sauti ile ile aliyoulizia habari za tangi. "Chini ya kinu kuna mchanga wa rangi tatu, umelala kwa utaratibu ambao mgodi ulichimbwa. Jekundu na jeupe yalipita pale kabla Sahani hajaajiriwa. Dhahabu iliyoshikana na mchanga huo ililetwa na kinu chenyewe, kidogo kidogo, tangu siku ya kwanza. Mtu anayeficha mali humimina kwa mkupuo, haiji kwa tabaka. Lakini tabaka la buluu ni nene kupita kiasi. Kuna kitu kilifungua njia miaka ile miwili ambayo maabara ililalamika. Kisha kikaja kifuniko."

Fundi aliitikia kwa kichwa.

"Ulipokuwa unaziba Jumapili ile, kuna mtu alikuona?"

"Yeye. Alisimama pale kwenye uzio na ufunguo wake. Akaniangalia, na mimi nimepiga magoti, ndoo na mwiko mkononi. Hakuniuliza kitu. Akaondoka."

"Alidhani unaficha."

Fundi aliinua kichwa. "Naficha? Mimi?"

"Alikaa miaka sita jela akidhani wewe ndiye mwizi. Hakukutaja, kwa ajili ya dada yako."

Nje, mteja alifika akauliza kama mashine iko tayari. Fundi alimpungia mkono aende. Mkono ule ulibaki hewani kidogo, kama umesahau njia ya kushuka.

"Mimi nilidhani ni yeye," alisema. "Hakujitetea mahakamani hata kidogo. Nikasema, asiyeiba hujitetea. Hata kwenye mazishi ya dada yangu sikumpa mkono."

"Utaandika maelezo?"

"Nikiandika, ni mimi niliyemfunga."

"Utaandika ulichofanya. Aliyemfunga ni hakimu."

"Afande, usinipake mafuta." Alisimama, akachukua spana yake kubwa kuliko zote kutoka ukutani. "Nimesema vinu vingine niliweka mpira mpya. Umeangalia chini yake?"

"Nilikuwa nakuja kukuomba hivyo hivyo."

*

Saa kumi alasiri walikuwa mbele ya kinu cha pili. Inspekta alikuwa ameshaandika kwenye daftari, kabla ya boliti yoyote kuguswa, anachotarajia kukikuta: jekundu jembamba, jeupe jembamba, na buluu jembamba pia, kwa sababu mpira wa hapa ulikuwa mzima. Kinu hiki kilikuwa na mtu wake mwingine na ufunguo wake mwingine. Sahani hakuwahi kukihudumia hata siku moja. Kama matabaka yapo, hakuna mtu aliyeyaficha.

"Na kama hakuna kitu?" aliuliza mkata vyuma.

"Nitaandika hakuna kitu."

Boliti zilikuwa nane, nene kama mkono wa mtoto, zimeshikana na kutu. Mkata vyuma aliwasha moto wa gesi. Fundi Nati akampigia kelele auzime.

"Ukipasha joto hapa zebaki itapanda tuivute sote. Hivi wewe ulifundishwa na nani?"

"Nilijifunza mwenyewe."

"Inaonekana."

Ya kwanza ilichukua nusu saa. Walikuwa kwenye ya pili waliposikia mlango wa bati ukikokotwa. Binti aliingia akimshika baba yake kiwiko, na baba mwenyewe akitazama juu, kwenye mhimili wa michi, kama mtu aliyeingia nyumba aliyokulia akaikuta bila paa. Aliiendea michi ya kinu cha tatu, akaupapasa mmoja.

"Kimya hivi," alisema, bila kumlenga mtu.

Inspekta ndiye aliyekuwa ametuma salamu kwa binti. Hakusema nani mwingine atakuwepo. Alimwekea mzee kreti la kukalia. Fundi Nati hakugeuka. Aliendelea kuvuta spana, mgongo umeloa.

Baada ya dakika kadhaa mzee akakohoa. "Hiyo boliti utaikata."

"Naijua hii boliti," fundi alijibu akiutazama ukuta.

"Unaijua, na unaivuta hivyo? Rudisha nyuma kidogo kwanza."

"Nilizifunga mimi."

"Ndiyo maana hazifunguki."

Mkata vyuma alianza kucheka, akaona hakuna mwingine anayecheka, akajidai anafunga mtungi. Fundi aliirudisha nyuma boliti kidogo. Ikalia, ikalegea.

Zilibaki sita. Jua lilikuwa limeshuka hadi kwenye matundu ya ukuta wa magharibi. Fundi alichukua kopo la mafuta ya taa, akazimiminia zote sita mpaka zikajaa, akasema zisiguswe mpaka asubuhi, kutu lazima inywe. Inspekta alitandika turubai, akaifunga kwa kamba, akabandika karatasi yenye saini yake na saa. Kisha akatoa maelezo ya fundi, kurasa mbili alizokuwa amemwandikia kule karakana.

"Usome, kisha utie saini kila ukurasa."

Fundi alipapasa mfukoni, nati zikalia. "Miwani nimeacha."

"Sheria inaruhusu mtu mwingine akusomee. Mimi siwezi, kwa kuwa ndiye niliyeyaandika. Awe mtu unayemwamini."

Mkata vyuma alinyoosha mkono kupokea. Fundi Nati alimtazama, akamtazama binti, kisha akaelekeza kidevu kwenye kreti.

"Huyo."

Binti alizipokea karatasi kutoka kwa Inspekta, akazitua magotini kwa baba yake, akamtolea miwani kutoka mkoba ule ule wa plastiki. Mzee alizisogeza kwenye mwanga, akasoma kwa sauti, polepole, akivuta pumzi kila baada ya mstari. Alisoma habari za michi mizito. Alisoma habari za mpira uliopungua kiganja. Alifika mahali palipoandikwa: *Jumapili hiyo nilipokuwa naziba, shemeji yangu alinikuta, akanitazama, nami sikumwambia ninafanya nini.*

Akausoma mstari huo tena, kimya kimya, midomo ikicheza.

"Maji," alisema. "Ulikuwa unaziba maji."

"Maji, shemeji."

Mzee alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa tena. Ukurasa wa kwanza ulikuwa umekwisha. Aliugeuza, akaukaribisha usoni, akautenga, akatikisa kichwa.

"Herufi zinapotea. Huu wa pili sitaki kuusoma kwa kubahatisha." Alimpa fundi ukurasa wa kwanza na kalamu. "Weka mkono hapo. Huo mwingine kesho."

Fundi alitia saini juu ya goti. Inspekta aliandika saa pembeni, akaukunja ukurasa wa pili usio na saini, akautia mfukoni.

"Kesho mnaanza saa ngapi?" mzee aliuliza.

"Saa kumi na mbili," Inspekta alisema.

Fundi Nati aliinama, akampa mzee bega la kuinukia. "Nitampitia mimi," alimwambia binti.